Kwa Nini Mfyonza Husimama Mlangoni

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye kitabu cha katuni akifunge kwanza. Huyo mnyonya damu mwenye joho jekundu mnayemsoma humo, anayepigana na mashujaa wanaoruka angani, alikuwepo kabla wino haujatengenezwa.

Zamani hizo hapakuwa na kubisha hodi. Nyumba za mji wa Kirumbi zilikuwa na nafasi ya mlango lakini hazikuwa na mlango, hata pazia. Mtu aliingia kwa jirani moja kwa moja hadi kwenye chungu, akapakua, akala, kisha ndipo akauliza habari za wenyeji. Kumuuliza mgeni amefuata nini ilikuwa aibu kubwa, na kumpiga mgeni aliyeketi kwenye mkeka wako ilikuwa aibu isiyofutika hata kwa wajukuu. Hayo ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu yalikuwa bado hayajatungwa.

Katika mji huo alikuwa akija Mfyonza. Umri wake haukujulikana. Waliokuwa wazee walisema babu zao walimkuta akiwa mzee. Wachoraji wenu wanasema analiogopa jua. Uongo mtupu. Alikuja adhuhuri, chakula kikipakuliwa, kama wageni wote wenye akili. Aliketi, akaisukuma sahani pembeni kwa adabu, akaushika mkono wa mwenye nyumba na kufyonza damu. Na pamoja na damu alifyonza kile ambacho mtu huyo alikiweza. Kwa mwimbaji alitoka na sauti, kwa mkimbiaji alitoka na mbio. Mwenye nyumba alibaki mtupu, akamfuata Mfyonza huko alikokwenda, asionekane tena.

Mlinzi wa mji alikuwa Shekue, kijana aliyeruka kutoka kilima hadi kilima na kumzuia fahali kwa kidole kimoja. Kila alipomkuta Mfyonza njiani alimrusha ng'ambo ya mto. Mara saba alimrusha, na mara saba Mfyonza alirudi kesho yake akijipangusa vumbi. Watu walimshangilia Shekue. Dada yake mkubwa, Mwanasiti, hakushangilia. Alikuwa akiwaza.

Mwanasiti alikuwa mdadisi tangu utotoni. Aliwahi kufukua ardhi siku nzima ili ajue siafu wanakwenda wapi, akarudi amevimba miguu na bado anauliza. Sasa jambo moja lilimsumbua. Mbona sokoni Mfyonza hamgusi mtu? Mbona kisimani hupita tu, na watu wamejaa? Mbona ni ndani ya nyumba tu?

Siku moja alimkuta nyumbani kwa jirani, ameketi mkekani akimsubiri mwenye nyumba arudi na maji. Mwanasiti akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa Kirumbi. Alimuuliza mgeni.

"Kwani wewe babu, kwa nini hutufyonzi njiani?"

Mfyonza alicheka hadi joho likatikisika. Miaka elfu nzima hakuna aliyemuuliza kitu, na mzee asiyeulizwa huwa na hamu ya kusema.

"Mimi si mwizi, binti yangu. Nakula nilipokaribishwa. Na hapa kwenu kila nyumba imeshamkaribisha kila mtu."

"Na nyumba isiyokaribisha, je?"

Mzee alitazama mlangoni, kisha akainuka akaenda zake bila kula. Kwa Mwanasiti hilo lilikuwa jibu tosha.

Alikwenda mbio kwa wazee, akawaomba kila nyumba itundike pazia, na mtu asiingie mpaka abishe hodi na aambiwe karibu. Wazee walichukizwa. Ndugu yangu abishe mlangoni kwangu kama mwombaji? Wakabishana siku tatu.

Siku ya tatu Shekue alirudi nyumbani kwake kula, akamkuta Mfyonza mkekani. Njiani angemrusha. Lakini sasa huyu alikuwa mgeni wake, na Shekue alilelewa vizuri. Alimnawisha mikono, akamsogezea sahani. Mfyonza akaushika ule mkono uliozuia mafahali. Mwanasiti alipokuja kumjulia hali ndugu yake, nyumba ilikuwa tupu.

Alilia hadi sauti ikamkauka. Wazee waliona haya, wakakubali, na kesho yake kila mlango ulikuwa na pazia.

Saa ya chakula Mfyonza alifika kwa Mwanasiti, ambako wanawake na watoto wa mtaa walikuwa wamejazana kwa hofu. Nguvu zote za Shekue sasa zilikuwa zake. Angeweza kuing'oa nyumba kama muhogo. Lakini hakuwa amekaribishwa, na mguu wake ulikataa kuvuka kizingiti. Alisimama pale kitambo. Kisha nje ya pazia ikasikika sauti ya Shekue.

"Hodi, dada."

Mwanasiti akalisogelea pazia. Huenda alikuwa mdogo wake kweli, ametoroka, ana njaa. Huenda ilikuwa sauti yake tu, katika kinywa cha aliyeifyonza. Angeinua pazia kidogo tu angejua. Lakini mkono unaoinua pazia umeshakaribisha, na ukimkaribisha mmoja umewakaribisha wote aliokuja nao.

"Hodi, dada. Ni mimi."

Yeye ambaye hakuwahi kuacha jambo bila kulijua alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimpita vidoleni.

"Hodi," ikaja mara ya tatu, kwa upole.

Kisha nyayo zikaondoka. Alijaribu kusikiliza kama ni za mtu mmoja au wawili, akashindwa. Mfyonza hakuonekana tena Kirumbi, wala Shekue. Mwanasiti aliishi hadi uzeeni akiuliza kila kitu chini ya jua, ila hilo hakumuuliza mtu.

Na tangu siku hiyo mtu hubisha hodi mara tatu, akasubiri. Hata wachoraji wa katuni, wakishampa Mfyonza nguvu za kubeba milima, humsimamisha mlangoni. Na asiyeitikiwa huenda zake bila kinyongo, wala hachungulii, kwa kuwa huenda aliyemo ndani anampenda, na amejiziba mdomo kwa mikono miwili.