Sangari Mlangoni kwa Nakiete

Jambo moja nimelitafakari tangu ujana wangu na sijapata jibu. Siku ile Mbonea aliing'oa sangari na mizizi yake kwa kusudi, au ilikuwa haraka tu ya mtu mwenye aibu? Nisikilizeni, wajukuu zangu, huenda ninyi mkajua.

Zamani hizo sangari haikuitwa gugu. Iliota mahali pamoja tu, ukingoni mwa chemchemi ya huku mlimani, wala haikuguswa ila na mtu aliyemkosea mwenzake. Huyo alipanda mlima, akakata jani moja kwa ukucha, akalilaza mlangoni kwa yule aliyemkosea. Likiokotwa, amesamehewa. Likirukwa, lilikauka hapo hapo, naye akangoja mwaka mwingine.

Mbonea na dada yake Nakiete walilima bonde moja na kunywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja, kwa zamu. Mwaka wa ukame, Mbonea alifungulia maji yaende kwake siku ya zamu ya dada yake. Ulezi wa Nakiete ukakauka. Njaa ilipoingia, mtoto wake mchanga akafa.

Mbonea alipanda chemchemini, akarudi na shina zima la sangari, mizizi ikidondosha udongo. Akalilaza mlangoni, akachutama pembeni.

"Dada, nitukane utakavyo, ila usiiruke."

Nakiete alitoka na mtungi wake.

"Mtoto alikuwa na miezi minne, Mbonea. Nawe unaniletea jani."

Akairuka, akaenda kuteka maji.

Wiki ile mvua ilinyesha, sangari ikashika ardhi. Nakiete alipoiona imechipua, aliikatakata kwa jembe akavitupa vipande shambani vikauke. Hakuna aliyewahi kuilima, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kila pingili yake ni mche. Kadiri alivyoikata ndivyo ilivyozidi. Ikavuka mipaka kwenye majembe ya kuazimana na kwato za ng'ombe, mpaka bonde zima likakosa mavuno.

Na tangu siku hiyo sangari huishi penye jembe. Mtaikuta shambani, njiani, uani, hata kwenye mahame. Ila ndani ya msitu, asikolima mtu, hamtaiona. Ile desturi ya kuombea msamaha wazee waliikomesha. Wakaamua pia kwamba Mbonea aichimbue kwa mikono, pingili moja moja, aianike juu ya mawe, mpaka shamba la dada yake litakate. Alichimbua misimu miwili, kisha homa ikamwua kabla hajafika nusu. Wazee hawakumtaja mtu mwingine wa kuendelea na kazi hiyo. Siku ya pili baada ya mazishi, Nakiete alikwenda pale mdogo wake alipoishia, akapiga magoti, akaanza kuchimbua.