Adhabu Aliyoililia Somoe

Jamani, nianze?

— Anza!

Nianze nimekaa au nimesimama?

— Kaa, tukusikie!

Na nikipotea njia?

— Tutakurudisha!

Haya, mmejifunga wenyewe. Natangulia, nifuateni.

Zamani hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajajua kumenya muhogo, palikuwa na kijiji kikiitwa Namtende. Watu wa Namtende walikula muhogo asubuhi. Mchana wakala muhogo. Jioni wakaulizana, "Leo tule nini?" Wakala muhogo. Na kitoweo chao kilikuwa nini? Kisamvu. Jani la nani? La muhogo. Basi mjue kabisa, pale muhogo ukiugua, kijiji kimeugua.

Kijiji kilikuwa na jumbe wake, jina lake Likwata. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu naona wajukuu zake wameketi pale mbele. Ila alikuwa na tabia moja. Ukimwomba kitu, anakupa kinyume chake. Wakimwambia, "Jumbe, daraja likae upande wa juu," analiweka upande wa chini. Wakimwambia, "Jumbe, ngoma iwe Alhamisi," inapigwa Jumatano. Alikuwa akisema, "Mtu anayefuata maneno ya watu si jumbe. Huyo ni mjumbe." Kisha anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Mwisho wa kijiji alikaa mwanamke anaitwa Somoe. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mdogo wake Jumbe, kwa hiyo Somoe alimwita Jumbe shemeji. Alikuwa amekula naye sinia moja miaka kumi na miwili, akamjua alivyo. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na mama yake tu, Bibi Akuimwana, mkongwe ambaye miguu ilishakufa ganzi. Anatolewa nje asubuhi kuota jua, anarudishwa ndani jioni.

Basi, mwaka mmoja wakaja wageni.

Hawakuja na mizigo, hawakuja na hodi. Walikuwa inzi, lakini inzi gani? Wadogo kuliko punje ya mtama, weupe kama unga. Walikaa chini ya majani ya mihogo. Ukiutikisa mti, fuuu! Wanaruka kama unga unaotoka kwenye kinu. Ukituliza mkono, wanarudi walipokuwa.

Watu wakakusanyika shambani. Wakamwita Jumbe. Wakamuuliza, "Hivi ni vitu gani?"

Hakuna aliyejua. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, Jumbe akajua.

"Huu ni unga," akasema. "Wazee wetu waliotangulia wametuletea unga unaoruka. Mwaka huu mtakula mpaka mchoke. Marufuku kuwafukuza. Marufuku kuwatilia moshi. Na tangu leo waitwe Wageni."

Wakatungiwa na wimbo. Nisaidieni kuitikia:

Wageni weupe, karibuni,
Kaeni chini ya majani,
Mnachokula hatuulizi,
Mtakachobakiza ndicho chetu!

Wakaimba, wakapiga vigelegele. Wageni wakakaa. Wageni wakala.

Somoe naye aliimba. Lakini aliporudi shambani kwake, akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya. Alishika jani akaligeuza. Akaona chini yake kumejaa, wakubwa kwa watoto, wamechomeka midomo kwenye jani wananyonya, kama watoto wa mbuzi kwa mama yao. Baada ya siku kadhaa, majani machanga ya mti ule yakatoka na mabaka ya njano, yamejikunja kama mkono wenye kiharusi. Wageni wakahama. Wakaenda kwenye mti mzima uliokuwa jirani. Baada ya siku kadhaa, na ule nao ukatoa mabaka.

Somoe akaangalia mara ya kwanza, akaangalia mara ya pili. Ya tatu akasema, "Loo! Hawa hawali tu. Wanahama na ugonjwa mdomoni."

Akakimbia kwa Jumbe. Na hapo akakosea, kwa sababu hofu ilimsahaulisha anaongea na nani.

"Shemeji," akasema, "wale Wageni wanatuulia mihogo. Nakuomba uwaambie watu wang'oe miti iliyougua waichome, kabla ugonjwa haujaenea."

Mnadhani Jumbe alisemaje?

— Tusing'oe!

Naam! Mmeshamjua. Alisema, "Hang'oi mtu hata mmoja."

Msimu wa kwanza, mashamba ya Namtende yakageuka. Kijani na njano, njano na kijani. Laiti mngeuona uzuri wake! Wanawake walisema, "Mwaka huu mihogo imevaa kanga." Na ulipofika wakati wa kukata vipande vya kupanda msimu unaofuata, walichagua ile iliyopendeza zaidi. Sikilizeni vizuri. Yaani miti iliyougua sana ndiyo waliyoifanya mbegu.

Somoe yeye aling'oa. Kila mti wenye mabaka aliung'oa, akaupeleka ukingoni mwa shamba, akauchoma. Lakini akaona ajabu moja. Ilikuwepo miti michache, kama saba hivi, yenye vikonyo vyekundu. Wageni waliikalia, waliinyonya, wakanenepa, na miti ile isibadilike. Somoe akaikata vipande, akavipanda peke yavyo.

Ng'ambo ya njia palikuwa na jirani yake, Nambuta, mama wa watoto wanne. Akasimama na jembe lake akatazama moshi.

"Mwenzangu," akasema, "unachoma chakula? Mama yako atakula moshi?"

Somoe akatupa mti mwingine motoni.

Msimu wa pili, watu wakachimba. Wakatoa vimizizi vyembamba kama mikia ya panya. Jumbe akasema, "Wageni wanapima subira yetu. Imbeni." Wakaimba:

Wageni weupe, karibuni…

Lakini sauti zilikuwa zimepungua. Somoe aling'oa tena, akachoma tena. Mwaka ule yeye na mama yake waliishi kwa ming'oko, viazi mwitu. Alikwenda porini kuichimba tangu alfajiri mpaka mikono ikachubuka, na chungu kikiiva anampakulia mama yake kwanza, yeye anasema ameshakula kule kule porini. Bibi Akuimwana alijua ni uongo. Alikuwa akiacha nusu kwenye kibakuli, anasema meno yamechoka.

Msimu wa tatu, wimbo uliimbwa na mtu mmoja tu, Jumbe. Wengine hawakuwa na nguvu. Watoto wa Nambuta walivimba miguu na nywele zao zikawa nyekundu. Na shamba la Somoe? Lilikuwa la kijani kutoka mpaka hadi mpaka. Muhogo wake ukiung'oa unatoka mnene kama paja la mtoto.

Somoe akajaza kapu, akavuka njia, akalitua mlangoni kwa Nambuta. "Wapikie watoto," akasema, akarudi zake.

Sasa shikeni vifua. Kesho yake asubuhi, Nambuta alilibeba lile kapu lililobaki nusu, akalipeleka uwanjani kwa Jumbe, akalimwaga chini mbele za watu.

"Tazameni!" akasema. "Kanipa jana. Sote tuna njaa, yeye anao wa kugawa. Mtu asiye mchawi angeutoa wapi? Mihogo yetu haikufa. Imehama. Imehamia kwake!"

Watu wakatazama muhogo. Ulikuwa mweupe, mnono. Kweli, ushahidi ulikuwa unene ule.

Somoe akaitwa. Akaja akiwa na udongo kwenye magoti, kwa maana alitolewa shambani. Mmoja akapaza sauti, "Afukuzwe!" Wa pili akasema, "Avushwe mto, yeye na mama yake!" Wa tatu akasema neno ambalo mbele ya watoto silisemi.

Mto ulikuwa umejaa. Somoe aliusikia ukinguruma kutoka pale aliposimama. Akamfikiria mama yake na ile miguu. Alitaka kusema, "Shemeji, sikufanya mimi." Neno lilishafika kwenye ulimi. Akamtazama Jumbe. Akamwona ameinamisha kichwa upande, sikio limetegwa, anasubiri aombwe jambo ili alikatae.

Somoe akalimeza lile neno. Akajitupa chini.

"Shemeji!" akalia. "Nifukuze! Nifukuze leo leo, niende ng'ambo nikapumzike mbali na watu wako hawa!"

Jumbe akakunja uso. "Hufukuzwi. Utakaa hapa hapa."

"Basi nipe adhabu yoyote, lakini nakuomba jambo moja. Usiwaambie watu wang'oe mihogo yao yote iliyougua wakaichoma moto! Humo ndimo nilimoficha nguvu zangu."

Jumbe akatabasamu.

"Na la pili, shemeji, wakishachoma, usiwaache mwezi mzima bila kupanda muhogo! Wale Wageni ndio watumishi wangu. Wakikosa pa kukaa watanikimbia."

Jumbe akasimama.

"Na la tatu, naomba kwa kaburi la mdogo wako! Usiikate miti yangu vipande vya shubiri moja moja, ukagawa kila nyumba ikapanda! Na wakizoea kugeuza majani kila wiki, wakiona lenye mabaka wang'oe mti wake, mimi nitakuwa nimekwisha!"

Jumbe alikuwa anakaribia kucheza. Akanyoosha fimbo juu.

"Mmesikia? Mchawi ametoboa siri yake mwenyewe! Ng'oeni! Chomeni! Acheni mwezi mzima! Kisha kateni miti yake mpande, hata kijiti kimoja asibakiziwe. Na mizizi yake yote igawiwe iliwe, mpaka uchawi uishie tumboni."

Wakaenda wakifanya haraka, kama watu wanaokwenda harusini. Siku ile Namtende nzima ilifuka moshi. Mwezi ukaisha. Wakaingia shambani kwa Somoe na mapanga, wa kwanza akiwa Nambuta, anakata bila kumtazama mwenye shamba.

Somoe alikaa kwenye tuta la mwisho akalia. Na machozi yale, wenzangu, hayakuwa ya kuigiza. Miaka mitatu ya mgongo wake ilikuwa inaondoka mabegani mwa watu waliomwita mchawi, na hawakumwachia hata kijiti. Vipande sita alivipata kwa kuokota vilivyowadondoka njiani.

Miezi ikapita. Wageni walirudi, mbona! Wakakaa chini ya majani kama kawaida yao. Wakanyonya. Majani yakabaki kijani. Ilipotokea miti michache yenye mabaka, watu waliing'oa wakiilaani kwa jina la Somoe.

Yakafika mavuno. Wanaume wawili waling'oa shina moja, wakaanguka chali kwa uzito wake. Ikapigwa ngoma. Watoto wa Nambuta walikuwa wanakimbizana uwanjani, na nywele zao zimerudi kuwa nyeusi.

Jumbe akasimama katikati. "Niliwaambia nini?" akauliza. Hakuna aliyekumbuka, lakini wote wakapiga makofi. "Niliuvunja uchawi ule kwa akili zangu. Na leo, kwa kuwa moyo wangu ni mpana, namsamehe Somoe mbele yenu wote."

Vigelegele! Watu wengine walitokwa na machozi kwa huruma ya Jumbe.

Somoe akapiga goti. "Ahsante, shemeji," akasema. "Sitarudia."

Siku ya pili yake, Nambuta alivuka njia na mzigo wa kuni kichwani. Akautua. Somoe alikuwa anamenya muhogo.

"Somoe," akasema, "pale uwanjani ulipokuwa unalia. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Unajua ninachouliza."

Somoe akaendelea kumenya. "Nilijua mto umejaa," akasema.

Nambuta hakuomba radhi. Akakaa chini, akachukua kisu cha pili, akamenya muhogo, akaukata vipande vidogo vidogo vya kumfaa mtu asiye na meno mengi. Tangu siku ile, asubuhi yeye na Somoe walimtoa Bibi Akuimwana nje pamoja, mmoja huku, mmoja huku.

Mnadhani imeisha? Subirini.

Msimu uliofuata, kisima cha Namtende kilianza kunuka. Matumbo yakawaendesha watu. Siku moja mchana, jua kali, kila mtu yuko ndani, Jumbe Likwata alikuja mpaka mwisho wa kijiji, amekuja peke yake, bila hata fimbo. Akamkuta Somoe anaanika makopa ya muhogo. Akasalimia. Akauliza hali ya mama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akajikuna kidevu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hivi siku hizi… unaogopa nini?"

Somoe akamtazama. Jumbe hakucheka. Somoe naye hakucheka.

"Pale kisimani," akauliza taratibu, "wanakunywa mbuzi wa nani?"

"Wangu."

Somoe akaweka ungo chini. Akajifunga khanga vizuri. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwiii, shemeji!" akapiga yowe mpaka majirani wakatoka nje. "Nifanye utakavyo! Lakini mbuzi wako, nakusihi, usiwajengee hori lao la maji mbali na kisima!"

Nami nimeitua hapo. Je, mmenirudisha njia?

— Hukupotea!

Basi ikiwa tamu, kaitafuneni majumbani kwenu. Ikiwa chungu, itemeni hapa hapa, nitaifagia mwenyewe.