Zamu Moja ya Muuguzi

Leo sina nguvu za kusubiri mniitikie. Nisikilizeni tu, kuamua mtaamua nyinyi.

Huko Korogwe walikuwapo ndugu watatu waliomuuguza mama yao aliyepooza. Mwanahawa, mkubwa wao, alijua kusoma bei inaelekea wapi. Shekue alijua pa kuingilia na pa kutokea. Zaina, kitinda mimba, alikuwa na mkono mwepesi kwenye simu. Kwa miaka miwili walikuwa wakimgeuza mama kwa zamu, kila baada ya saa mbili, na wote walikuwa hoi. Waliuza kiwanja, pesa wakaziingiza kwenye biashara ya dhahabu mtandaoni, ambako mtu huweza kuanza kwa kununua au kwa kuuza, nusu yake ikaliwa. Wakakubaliana wajaribu mara moja tu, ya mwisho.

Mwanahawa akachukua bei za kufungia soko za siku ishirini, akatafuta wastani, akarudia hivyo siku baada ya siku mpaka akapata mstari. Bei ilikuwa juu ya mstari, na mstari wenyewe ulikuwa unapanda. "Leo tusiuze," akasema. "Tununue."

Shekue naye akachukua bei ya jana ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia, akajumlisha, akagawa kwa tatu. "Hili ndilo egemeo, dada. Bei ikishuka mpaka hapa, tununue. Ikipita chini yake, Zaina, uza utoke haraka."

Zaina akakaa na simu kando ya kitanda cha mama. Saa nane mchana bei ikagusa egemeo, akanunua. Kisha usingizi ukamchukua. Bei ikateleza chini ya egemeo, yeye anakoroma. Alipozinduka alasiri, ilikuwa imegeuka na kupanda mbali sana. Akauza palepale, biashara ikafungwa.

Faida ilitosha kumlipa muuguzi wa zamu moja kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mmoja wao angeweza kuondoka pale nyumbani. Mmoja tu.

"Mume wangu ananisubiri Singida," Mwanahawa akasema. "Bila mstari wangu mngeuza, tukaisha."

"Bila egemeo langu mngenunua bei ikiwa juu," Shekue akajibu. "Na kazi niliyoitiwa kiwandani hainisubiri. Zaina alilala tu. Kulala nako ni kazi?"

Zaina hakupandisha sauti. "Ningekuwa macho ningekutii, kaka, tungetoka na hasara. Na nililala kwa sababu nilimgeuza mama peke yangu tangu alfajiri, zamu zenu zote mbili, ili nyinyi mpige mahesabu. Mimi sina pa kwenda. Nataka mahali nilale mpaka nichoke kulala."

Mimi nawaonea huruma wote watatu, na hapo ndipo ninaposhindwa. Mama, aliyekuwa akisikia kila neno, akasema kutoka kitandani, "Atakayekwenda aje aniage. Asiondoke nikiwa nimelala."

Haya, nimewakabidhi. Je, wewe ungemruhusu nani aende?