Jumba la Aldermere Lapata Mwenyewe

Jumba la Aldermere lilisimama kati ya miti mikubwa ya mialoni ya Shropshire, Uingereza, tangu enzi ambazo hata wazee wa kijiji walizisikia tu kwa babu zao. Hester Wadlow, mjane asiyeogopa kazi, alikuwa amelikarabati kwa miaka mingi: vigae vya paa, kuta za mawe, ngazi za mbao, kila kitu. Sasa magoti yake yalikuwa yamegoma, ikambidi auze. Asipopata mnunuzi kabla ya majani kupukutika, angemwuzia mkandarasi aliyekwisha kuapa kuifyeka mialoni yote ajenge vijumba vya kupangisha. Wazo hilo lilimtia simanzi kubwa.

Kazi ya kuuza alimpa dalali Crispin Yelland, kijana mwenye mdomo usiojua kupumzika. Crispin alimfungia mbwa wa Hester bandani, akaficha mabuti ya mpira, akakodi mtumishi mwenye glavu nyeupe. Jikoni alipuliza manukato yenye harufu ya mkate.

"Bi Wadlow, niachie mimi," alisema. "Wakija wageni, wewe kaa ghorofani, kimya!"

Wageni walikuja, wakaondoka. Watu wa kule hawamwamini mtu anayesifia chake, na nyumba ya shamba isiyo na mbwa wala matope mlangoni huwatia shaka.

"Hawa wanaficha kuvu ukutani," bwana mmoja alimnong'oneza mkewe.

Kadiri wageni walivyokimbia, ndivyo Crispin alivyozidi kukodi mapambo: mara kinanda, mara tausi wawili, ambao walimfukuza kasisi wa kijiji hadi langoni.

Jumamosi moja ya Agosti walifika Rosalind Tuke, daktari wa mifugo, na mumewe Gervase. Crispin aliwapokea kwa mbwembwe.

"Karibuni kwenye jumba bora kuliko yote Uingereza! Mfalme mwenyewe angelionea wivu!"

Rosalind alipiga miayo. "Ahsante, yatosha. Twende zetu, Gervase."

Kabla hawajalifikia gari, mvua iliwamwagikia. Walikimbilia mlango wa karibu, nao ulikuwa wa jikoni. Humo walimkuta Hester, aliyechoka kufichwa ghorofani, akimfuta matope mbwa aliyemfungulia bandani.

"Jamani, ingieni! Samahani kwa fujo hii. Huyu haumi, ananuka tu," alisema, akabandika birika.

Rosalind aliketi dirishani. Nje, kondoo walijikunyata chini ya mialoni, na bustani ilitanda kijani hadi mtoni. Rosalind aliupapasa ukuta; ulikuwa mkavu kabisa.

"Paa halivuji?"

"Halivuji, nilipanda mwenyewe kulikagua magoti yalipokuwa mazima. Ila meko ya chumba cha buluu hufuka moshi upepo wa mashariki ukivuma. Hayo yamenishinda, nakwambia kweli."

Gervase aliangua kicheko. "Muuzaji anayetaja kasoro! Rosa, hapa tumefika."

"Tumefika kweli," Rosalind alisema. "Tunalinunua, Bi Wadlow."

"Na mialoni?" Hester aliuliza. "Mtaikata?"

"Thubutu! Atakayeigusa nitamdunga sindano ya ng'ombe!"

Hester alilia kwa furaha bila kuona haya. Wakati huo Crispin aliingia akitweta, amelowa chapachapa.

"Ngojeni! Sijawaeleza kuhusu dari ya ukumbini..."

"Kaa unywe chai, mwanangu," Hester alisema. "Jumba limeshanunuliwa."

Crispin alikaa, akapokea kikombe. Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.