Mstari Mfupi wa Shemeji

Palikuwa na Sultani, jina lake Zahrani, aliyependa uchaguzi kuliko halua, mradi matokeo yaje kama anavyoyataka yeye. Mji wake ulikuwa na mitaa, na kila mtaa ulichagua diwani wake. Hapakuwa na masanduku wala karatasi. Wagombea walisimama uwanjani, watu wakajipanga nyuma ya wamtakaye. Mwenye mstari mrefu ndiye diwani. Hata kuku angeelewa.

Mwaka huo mtaa wa Kisimani ukawaka moto. Diwani wa Kisimani ndiye hushika ufunguo wa kisima, na kisima chenyewe ni hicho kimoja. Akasimama Shee Famau, shemeji yake Sultani, mtu mwenye bustani kubwa ya mawaridi. Aliahidi bila haya: akipita, maji yote yatakwenda kwenye mawaridi, na wenye kiu waje wanuse. Akasimama pia Bi Mize, mjane mpika vitumbua, kushindana naye. Yeye aliahidi neno moja tu, kwamba kisima hakitafungwa.

Basi watu wakajipanga. Mstari wa Bi Mize ulitoka uwanjani, ukapita msikitini, ukakunja kwa maseremala, mkia ukaishia makaburini. Nyuma ya Shee Famau alisimama mkewe mkubwa, fundi wake wa makanzu, na punda, ambaye kwa kusema haki alifungwa pale tangu alfajiri. Mke mdogo alikuwa upande wa pili, kajitanda ushungi mpaka puani.

Kutangaza matokeo ilikuwa kazi ya Vuai, mpiga mbiu. Vuai alikuwa fukara wa kutupwa, hana kitu ila pembe yake na ulimi wake. Mkewe alikuwa amejifungua pacha juzijuzi, na vitambaa vya pacha, jamani, havifuliwi kwa harufu ya mawaridi. Kabla hajapuliza, akaitwa barazani.

"Vuai," akasema Sultani, "nani kashinda Kisimani?"

"Mwenye macho haambiwi tazama, Maulana. Bi Mize."

"Tazama tena."

"Nimetazama mpaka makaburini. Mstari ulikuwa bado unakuja."

"Hiyo ndiyo kasoro yake! Wa shemeji yangu ulikwisha mapema, na amalizaye mwanzo ndiye mshindi. Nenda katangaze: kwa amri ya Sultani, kifupi kinakishinda kirefu."

"Na ulimi wangu ukiteleza?"

"Nitaukata."

"Ahsante, Maulana. Ukiufupisha utakuwa umeupandisha cheo."

Mawaziri wakakohoa. Sultani akakunja uso. Vuai akainama kwa adabu zote.

"Naomba kufahamu tu, Maulana, nisije nikakosea mbele za watu. Amri hii ni ya mistari peke yake, au ni ya mambo yote?"

Sultani akaona mawaziri wanamtazama. Akavimba.

"Amri yangu si shuka fupi ya kufunika kichwa ikaacha miguu nje! Ni ya mambo yote!"

"Nimesikia, na nimetii."

Sasa, mpiga mbiu wa mji ule alikuwa na ada yake. Kila tangazo hulifunga kwa dua ya kumwombea Sultani, na watu huitikia. Wamezoea tangu utotoni. Hata mwenye tonge kinywani huitikia kwanza, akatafuna baadaye.

Vuai akapuliza pembe. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, watu wakajaa uwanjani. Sultani akakaa roshanini, na Shee Famau kando yake, kiganja keshakikunjua kupokea ufunguo.

"Enyi watu wa Kisimani! Kwa amri ya Sultani, kifupi kinakishinda kirefu, katika mambo yote! Kwa hiyo Shee Famau amepita!"

Watu wakaguna. Bi Mize akashika kiuno. Mwanamke mmoja mwenye mtungi kichwani akaangua kilio, na mimi simlaumu.

"Na Mwenyezi Mungu," Vuai akapaza sauti, "ampe Sultani wetu umri mfupi!"

"Amiiina!" ukaitikia mji mzima.

Ndipo wakasikia walichokiitikia. Punda tu ndiye aliyeendelea na mazungumzo yake.

Sultani akaruka wima, kilemba kikamwangukia jichoni.

"Mshikeni! Umeniombea nini, mwanahizaya wewe?"

"Kheri tupu, Maulana. Ule mrefu nimewawekea maadui zako."

"Tangu lini umri mfupi ukawa kheri?"

"Mpaka jana ulikuwa shari. Wewe ndiye uliyeupandisha cheo leo."

"Nilisema mistari!"

"Nilikuuliza, Maulana, tena mbele ya mawaziri. Ukaniambia amri yako si shuka."

Mawaziri wakaanza kuchunguza makubadhi yao, kana kwamba wameyavaa leo.

"Ifute hiyo dua! Ifute sasa hivi!"

"Imekwisha itikiwa amina, Maulana, iko njiani." Vuai akaonyesha mbinguni. "Labda tutume nyingine ikimbie iipite."

Sultani akatazama juu. Utani ni utani, lakini umri ni umri, na hakuna jumba lenye mlango wa kuuzuia usiondoke. Shee Famau akamvuta joho, akalivuta tena, wala Sultani hakugeuka.

"Basi fanya haraka! Niombee umri mrefu! Mrefu kweli kweli!"

Vuai akainua mikono. Mji mzima ukainua mikono. Kisha akaishusha kidogo, akamtazama punda pale alipofungwa, akaitazama njia ndefu iendayo makaburini.

"Sisi tuko tayari, Maulana. Tuambie tu uwe mrefu kama mstari wa nani: wa Bi Mize, au wa shemejio?"