Gari Lililovuta Kushoto

Mtu mmoja wa Makete alikuwa na gari kuukuu la kubebea viazi. Jina lake Obeti Tweve. Alilinunua likiwa limeshachoka, akaliendesha mwenyewe miaka mingi kwenye barabara za milimani, katika ukungu na utelezi, wala hakuwahi kulitumbukiza mtaroni. Watu walimsifu kwa hilo, naye akaziamini sifa zao.

Kazi ilipozidi akamwajiri dereva, Yoramu Luvanda, mtu mtulivu mwenye mke na watoto. Mapema kabisa Yoramu alimweleza kwa adabu kwamba gari linavuta kushoto na kwamba likipita shimoni kitu kinagonga mbele. Obeti akamjibu kwamba gari halina neno, dereva ndiye hajui kushika usukani. Haukupita muda Yoramu akaingia mtaroni, magunia yakapasuka. Obeti akamfukuza hadharani, akasema mtu yule ni mlevi. Yoramu hakuwa mlevi. Lakini neno la tajiri huwahi kufika, na tangu hapo hakuna aliyempa gari tena.

Obeti akarudi kuendesha mwenyewe. Bega lake likaanza kuuma hata kuinua kikombe ikawa taabu. Akasema ni uzee. Tairi la mbele la kushoto likalika upande wa ndani mpaka nyuzi zikatokeza. Akasema ni barabara. Akafunga jipya, nalo likalika vilevile.

Siku moja bega lilikataa kabisa, na mama yake mzee alitakiwa hospitali kutazamwa macho. Mkewe, Mama Twilumba, akashika usukani. Alikuwa mwangalifu, na kuendesha alijifunza zamani. Hata hivyo, penye tambarare, mchana kweupe, gari lilimponyoka likalalia mtaro wa kushoto. Yule bibi mzee akapasuka paji la uso. Obeti alipofika akamwona mama yake amefungwa khanga yenye damu kichwani. Akamgeukia mkewe, na mbele ya watu waliokuja kusukuma akamwambia kwamba mikono yake ni ya jembe tu.

Mama Twilumba alingoja gari litolewe, jeraha la mkwewe lishonwe, bibi alale. Kesho yake akamwomba mumewe wapande gari pamoja mpaka kwenye uwanja wa mpira, yeye mume akiendesha hivyohivyo na bega lake. Walipofika katikati akasema, "Baba Twilumba, nenda taratibu. Sasa achia mikono."

Obeti akaachia. Gari likakata kushoto, polepole, bila kusita, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Akafunga breki, akarudia. Likaenda kulekule. Akaitazama mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa akivuta kulia, safari nzima, kila safari. Na kwa kuwa hakuacha hata siku moja, kuvuta huko alikuita kunyooka.

Angeweza kuishia hapo. Fundi mmoja alikuwa tayari kurekebisha vyuma vya usukani kidogo tu, gari lionekane limenyooka. Obeti akakataa. Alisema atautafuta ubovu wenyewe mpaka auone kwa macho. Akabadilisha magurudumu ya mbele, la kushoto akalipeleka kulia. Gari likavuta kushoto bado, basi si tairi. Akaendesha kidogo, akagusa ringi zote mbili. Hapakuwa na iliyopata moto, basi si breki inayong'ang'ania. Akapiga jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, kisha ubavu kwa ubavu, halikucheza. Majirani wakamshauri aliuze tu. Yeye akalishusha gari chini, akajilaza chali matopeni na bega lake bovu, akamwomba mkewe akae kitini ageuze usukani huku na huku. Hapo ndipo alipoona. Mkono wa chuma unaolishika gurudumu la kushoto ulikuwa unaruka kutoka mahali pake, kwa sababu bushi, ule mpira wa ndani, ilikuwa imeoza na kubaki unga mweusi. Kitu cha kuenea kiganjani. Kutoka kitini asingekiona maisha yake yote.

Akaweka mpya, magurudumu yakapimwa, gari likanyooka. Na ajabu ni kwamba siku za kwanza yeye ndiye aliyeyumba kuelekea kulia, maana mikono yake ilikuwa bado inapigana na adui aliyekwisha ondoka. Ilimbidi aifundishe upya.

Kisha akawaita wale waliosukuma gari, akamwomba mkewe radhi mbele yao. Akaenda kwa Yoramu, aliyekuwa akipasua mbao kwa kibarua, akamwomba radhi naye. Yoramu alimsamehe, lakini kumfanyia kazi tena hakutaka. Obeti hakumlazimisha. Alipita kwa kila mwenye gari aliyewahi kulisikia neno lile la ulevi, akalifuta kwa kinywa kilekile, na hakuchoka mpaka mmoja wao akampa Yoramu usukani.

Nawe unayenisikiliza, ni nani uliyemfukuza kwa kuingia mtaroni, na wewe mwenyewe hujaachia mikono hata mara moja uone gari lako linakwenda wapi?