Mzimu wa Saa Sita Mchana na Vichuguu Saba vya Bi Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mnadaiwa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, hapo sawa. Na wewe mwenye muhindi wa kuchoma, tafuna taratibu, wenzako wanataka kusikia.

"Vichuguu saba!"

"Ni vingi mno, mama."

"Saba! Nyinyi ndio mliotangaza, si mimi!"

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakaa vikao, huo ndio ugomvi uliokuwa ukiwaka kwenye Bwawa la Tope Jekundu. Aliyefoka ni Bi Muhanga, mwenye masikio kama ya punda na pua kama mrija. Aliyefokewa ni Mwenyekiti Ngiri, mwenye meno yaliyopinda kama mundu, ambaye kama ngiri wote, nyumbani kwake huingia kinyumenyume. Kichwa mlangoni, makalio ndani. Likumbukeni hilo.

Kisa cha yote kilikuwa mzimu. Karibu kila siku, jua likifika utosini, sauti ilitoka ardhini pale kwenye matete ya bwawa. Prrrrrrr! Inanyamaza. Wuuuuuu-pwi! Kisha harufu. Jamani, harufu! Pundamilia alisema ndiyo harufu ya kuzimu yenyewe, ingawa hajawahi kufika. Wanyama wakitimua mbio, puru puru puru, vibuyu chini, maji chini. Siku ishirini hakuna aliyekunywa mchana. Watoto wa Swala walilala kivulini ndimi nje, hawana hata nguvu ya kulia.

Ndipo kikao kikatangaza: atakayeufichua mzimu atapewa vichuguu saba vya mchwa, vinono, viwe vyake daima.

Na msimu ule Bi Muhanga alikuwa na njaa. Mchwa wa kwake walikuwa wamehama, mbavu zinahesabika. Tena kufichua mizimu ndiyo iliyokuwa kazi yake, miaka thelathini. Shingoni alivaa kamba ya mafundo, kila mzimu aliouchunguza fundo moja. Ukiwa upepo tu, fundo dogo. Ukiwa popo, fundo la kati. Ukiwa mzimu wa kweli, fundo jekundu. Mafundo yote mia mbili na kumi na nne. Mekundu yalikuwa mawili tu, na hayo hakupenda kuyazungumzia wakati wa kula.

Basi aliposikia tangazo, akajiamsha mchana, saa zake za kulala, akaja, na ndipo ukawaka ule ugomvi wa vichuguu.

"Tunashukuru kwa moyo wako, mama," Ngiri akasema. "Vichuguu vipo. Lakini hili ni jambo la kitaalamu. Tumemwita Mtaalamu Korongo."

Korongo akaingia. Ta. Ta. Ta. Upara unang'aa, mfuko unaning'inia shingoni. Akatazama juu. Akatazama chini. Akasema, "Mmmmh."

"Mmmmh!" wakaitikia madume wote.

Akamgeukia Bi Muhanga. "Dada yangu, mizimu ni elimu nzito. Kuna mbinu moja inaitwa majivu. Unamwaga majivu mdomoni mwa shimo. Mzimu hauna pumzi. Majivu yakitulia, ni mzimu. Yakiruka, ni kiumbe hai. Labda hujawahi kuisikia."

"Nimeisikia."

"Taratibu, nitakurudilia. Unachukua majivu..."

"Niliibuni mimi!"

Korongo akacheka, kwe kwe kwe. "Hapana, dada. Iliibuniwa na bingwa wa ng'ambo ya mto. Muhanga fulani. Bwana mkubwa sana."

"Ng'ambo ya mto ni kwangu! Muhanga ni mimi!"

"Basi atakuwa mumeo."

"Mume sina!"

"Kumbe ndiyo maana una hasira," akasema Ngiri. Madume wote wakaangua kicheko, wakapigana vikumbo. Bi Muhanga akahisi masikio yake yote mawili yanawaka moto.

Korongo akatoa hukumu. Huo ulikuwa mzimu wa daraja la tatu. Unataka sadaka. Vyura wote wa bwawa wapelekwe mlangoni kwa Korongo, yeye atauwasilishia.

"Sisi?" wakauliza vyura.

"Nyinyi. Kesho jioni. Muoge kwanza."

Bi Muhanga akameza hasira. Akauliza swali.

"Mwenyekiti, wewe mzimu huu umewahi kuusikia?"

"Mimi? Sijawahi. Saa sita huwa nina kazi za ofisi."

"Ofisi ipi?"

"Nyumbani. Kazi za siri."

Mke wake, Bi Ngiri, akakohoa. Bi Muhanga akamtazama. Bi Ngiri akatazama kwato zake.

Ahaa.

Maana nyumba ile ya Ngiri, kule juu kilimani, nani aliichimba? Bi Muhanga! Aliichimba kwa kucha zake, akakaa miaka minane, akahama. Ngiri akaingia, hata asante hakusema. Na Bi Muhanga hachimbi nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma wa ile nyumba unatokea wapi? Kwenye matete. Bwawani.

Akaanza kuzunguka mlango kwa mlango. Aliuliza siku gani mzimu ulikuja, siku gani haukuja. Akafunga mafundo kwenye uzi mwingine. Hakuna dume aliyemwuliza anafanya nini. Walidhani anasuka.

Siku ya pili, jua likafika utosini. Wanyama wakajibanza vichakani. Korongo akasimama mbele, kifua nje. Bi Muhanga akainama kwenye matete, akamwaga majivu mdomoni mwa shimo.

Prrrrrrr! Wuuuuuu-pwi!

Majivu yakaruka, phuuu! Yakatua kwenye upara wa Korongo, akawa mweupe kama chapati kabla haijaiva.

"Kiumbe hai," akasema Bi Muhanga.

"Ni upepo, dada yangu," akasema Korongo. Akapiga chafya.

Bi Muhanga akainama tena. Akachota udongo wa mfinyanzi, akalikandika shimo, pa pa pa, likaziba tii. Halafu akalikalia.

Kimya.

Kimya.

Ardhi ikaanza kunguruma. Guru. Guru guru. Guru guru guru guru...

BUUUM!

Kule kilimani, kutoka kwenye nyumba ya mwenyekiti, kitu kikafyatuka kama kizibo cha chupa. Kikapita juu ya vichaka. Kikapita juu ya Pundamilia. Mkia wima, macho yamefumbwa, kinakoroma hewani, khrrrr! Chubwi! Kikaangukia katikati ya bwawa.

Mwenyekiti Ngiri akaibuka na gugumaji kichwani. Akasema, "Kikao kimefunguliwa!"

Wote wakaziba pua. Harufu ilikuwa imefika.

Bi Muhanga akasimama juu ya udongo wake, akainua uzi. "Mzimu wenu huu hapa. Anakula chakula cha mchana, anaingia kinyumenyume, analala. Mbele anakoroma, nyuma anawatisha. Siku tatu mzimu haukuja. Siku ya kwanza, mwenyekiti alikuwa kikaoni. Ya pili, alikuwa msibani kwa Nyati. Ya tatu, alikwenda kwa wakwe zake."

"Kwa mama yangu alijibana siku nzima!" akapaza sauti Bi Ngiri. "Ni mbaazi! Nimemwambia aache mbaazi! Ananiambia mimi sijui mambo ya tumbo!"

Watoto wa Swala ndio walioanza. Wakatoka kivulini, wakateremka bwawani, wakanywa. Gubu gubu gubu. Wakubwa wakafuata. Vyura wakapiga vigelegele. Bi Muhanga akafunga fundo la mia mbili na kumi na tano, akaliita fundo la mbaazi.

Ngiri akajikung'uta maji. Akajikohoza. "Ndugu wananchi, tumpongeze Mtaalamu Korongo kwa kusimamia zoezi. Na mama yetu hapa, kwa kusaidia, tutampa doti ya khanga na makofi matatu. Habari ya vichuguu, tutaunda kamati."

"Mmmmh," akaitikia Korongo, majivu bado puani. Safari hii aliitikia peke yake.

Bi Muhanga hakutukana. Akapanda kilima, akaketi mlangoni mwa nyumba aliyoichimba mwenyewe, kucha mbele. Ngiri akaja mbio, akageuka, akarudi kinyumenyume kama desturi yake. Makalio yake yakagota kwenye zile kucha. Akasimama.

Basi shikeni, wakubwa kwa watoto. Anayeijua kazi ndiye anayeijua, awe mke awe mume. Ukimcheka kwa kuwa ni mwanamke, wewe utakaa na kiu na uchafu wako utaendelea kuitwa mzimu. Na kazi ikishafanyika, toa ulichoahidi, usilete khanga.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Mimi nimeondoka, Bi Muhanga nimemwacha ameketi, na neno lake ni lile lile:

"Vichuguu vyangu saba. Leo."